Kwenda kilabu cha wanzuki Tabora: mwongozo kamili kwa anayeingia mara ya kwanza

Wageni wengi wanaoshuka treni Tabora hununua asali. Hufunga chupa mbili tatu kwenye mizigo, wakapiga picha za miembe, wakaondoka. Wachache sana wanajua kwamba asali hiyohiyo, ikifika saa 10 jioni, inanywewa kwa kopo pembezoni mwa mji. Wanzuki ni pombe ya asali. Ndani ya jina lenyewe mna nzuki, ndivyo Wanyamwezi wanavyowaita nyuki. Vilivyomo ni asali, maji na chachu, basi. Anayeiuza ndiye aliyeitengeneza, kibanda chake kina mabenchi manne au matano, na pipa likiisha limeisha mpaka wiki ijayo.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu wanaoniomba niwapeleke wameongezeka, na wanzuki ya kweli inazidi kupungua. Mjini zipo ndoo nyingi zinazoitwa wanzuki ambazo hazijawahi kuonana na sega. Ni sukari na hamira ya mkate. Mtu akinywa hiyo akaenda kusema ameijua wanzuki, amedhulumiwa, na mama anayetumia asali amedhulumiwa zaidi, maana anagharamika mara kadhaa na anauza kwa bei ya jirani yake. Kwa hiyo nitakueleza njia, salamu, kuonja na kubeba, lakini kote utaniona nikirudi palepale: uliza habari za asali kabla hujauliza bei.

Kwanza, wasiopaswa kwenda. Aliye chini ya miaka 18, hata kama ni mrefu. Mama mjamzito. Anayetumia dawa ambazo hazipatani na pombe, hasa metronidazole, ambayo watu wengi huinywa kwa ajili ya tumbo bila kuulizia. Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa na kifua baada ya kula asali au kuumwa na nyuki. Na yeyote mwenye funguo za gari au pikipiki mfukoni jioni hiyo.

Hatua ya 1: Chagua msimu, halafu saa

Tabora ina mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Miti ya miombo haichanui kwa pamoja. Mtundu na jamaa zake hutoa maua kiangazi kinapoisha, kabla mvua haijashika, na mingine huchanua mvua zikielekea ukingoni. Ndiyo maana warina asali wana mavuno mawili: makubwa ya Mei hadi Julai, na madogo ya Novemba na Desemba. Ukija ndani ya miezi hiyo, au mwezi mmoja baadaye, asali ipo, masega yapo, na mpika wanzuki hana haja ya kudanganya. Ukija Februari au Machi asali imekuwa adimu na bei yake imepanda. Hapo ndipo sukari inapoingia kwenye mapipa. Sisemi usije Machi. Ila ukija Machi, yale maswali ya Hatua ya 5 uyaulize mara mbili.

Kuhusu saa, nenda mapema. Kilabu hujaa jua likizama, na baada ya hapo mama hana muda wa kukueleza chochote. Saa 10 au saa 11 jioni utamkuta anafuta mabenchi, pipa limetulia, mashapo yamekaa chini, na kopo la kwanza ndilo safi kuliko yote ya siku. Ijumaa na Jumamosi kuna watu wengi na vicheko vingi. Jumatano ni ya kujifunza.

Ikumbuke pia Ramadhani. Tabora ni mji wa Waislamu wengi tangu enzi za misafara, na majirani wa kilabu huenda wamefunga. Baadhi ya vilabu hufungwa mwezi mzima. Vilivyo wazi huendeshwa kwa upole. Usipite mbele ya msikiti ukining'iniza chupa, Ramadhani au siku yoyote.

Hatua ya 2: Ifuate asali, itakufikisha kilabuni

Kilabu kidogo hakina bango. Mgeni akimuuliza dereva wa bodaboda, atapelekwa kwenye baa kubwa yenye spika, kwa nia njema kabisa. Njia ninayoitumia mimi ni nyingine. Nenda sokoni kwa wauza asali, wale wenye madumu na ndoo za masega, si wenye chupa za lebo peke yake. Nunua kidogo. Kisha uliza: "Samahani mama, ni nani anayekuja kwako kuchukua masega ya kupikia wanzuki?"

Mfanyabiashara wa asali anamjua kila mpika wanzuki wa kweli, kwa sababu ni mteja wake. Akikuambia "fulani alikuwa akija, siku hizi haji tena," umepata jibu kubwa kuliko alivyokusudia. Akikuelekeza kwa mtu aliyechukua ndoo mbili juzi, chukua bodaboda uende huko. Mara nyingi utaelekezwa pembezoni, njia ya Kipalapala au ya Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872, na ambako tembe la Livingstone, nyumba ya udongo yenye paa bapa, ni makumbusho sasa. Ukiliona tembe mchana na kilabu jioni, siku yako imetumika vizuri.

Ukifika, simama nje kidogo uangalie kabla hujaingia. Kilabu kizuri huwa na kinywaji kimoja au viwili tu, wanzuki na labda pombe nyingine ya kienyeji kama komoni au kangara. Pipa limefunikwa kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba. Sakafu imefagiliwa. Nyuki watatu wanne wanazunguka mdomo wa ndoo, na hakuna anayewapiga. Usiwafanye nyuki kuwa ushahidi, maana nyuki hufuata hata maji ya sukari, lakini inapendeza kuwaona.

Ukiona chupa ndogo zinatolewa chini ya meza, au ukasikia harufu kali inayochoma pua kama ya spiriti, hapo kuna gongo. Geuka uondoke. Gongo ilipigwa marufuku kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 (moshi ni jina lake jingine), na hata sheria isingekuwepo ningekwambia vilevile. Pombe iliyokenekwa kwenye mtambo wa kienyeji haina kipimo, na wasio na huruma huichanganya na vitu vinavyopofusha watu na kuwaua. Wanzuki haikenekwi. Inachachuka tu, kama togwa iliyolala.

Hatua ya 3: Vya kubeba

Noti ndogo. Mama hana chenji ya elfu kumi saa 10 jioni. Maji yako ya kunywa, lita moja na nusu kwa mtu. Dumu la plastiki gumu la lita tatu au tano, safi, lisilowahi kubeba mafuta ya taa, kama unataka kuondoka na chochote. Mifuko ya plastiki usiifikirie, ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na wanzuki ingeipasua hata hivyo.

Kula kabla ya kwenda. Ugali na maharage, wali na kuku, chochote kizito. Kilabuni utapata karanga za kuchemsha, pengine mishikaki, na ukibahatika matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Matobolwa na karanga na wanzuki ni vitu vitatu vilivyokua pamoja. Unatafuna polepole, utamu wa kiazi unakutana na uchachu wa pombe, na taya inachoka kabla kichwa hakijachoka. Hayo hayatoshi kuwa chakula cha jioni, ndiyo maana nasema kula kwanza.

Kikombe chako ni hiari. Vilabu vingi hutumia kopo la plastiki linalozunguka mikono kadhaa. Kama hupendi, toa kikombe chako mapema na useme, "Mama, mimi nimezoea kikombe changu." Hakuna atakayekasirika. Kinachowaudhi watu ni mgeni anayepokea kopo, akaliangalia, akalipangusa kwa karatasi mbele ya aliyempa.

Kipindi cha mlipuko wa kipindupindu usiende kabisa. Kuchachuka hakuchukui nafasi ya kuchemsha maji, na si kila mpika huchemsha.

Hatua ya 4: Kuingia

Salimia watu wote, si muuzaji peke yake. Simama mlangoni, sema "Hamjambo wenyeji," kisha pita kwa wazee mmoja mmoja na shikamoo, kwa mkono, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia kidogo. Ukijua neno la Kinyamwezi, litumie. Asubuhi ni "mwangaluka." Jioni Kiswahili kinatosha, lakini ukipewa kitu sema "wabeja," ahsante, uone uso wa mzee unavyofunguka.

Usikae mahali pa kwanza unapopaona wazi. Kuna benchi karibu na pipa, au kigoda chini ya mwembe, ambacho kina mwenyewe hata kama hayupo. Uliza, "Nikae wapi, mama?" Utaelekezwa, na kwa kuelekezwa umekuwa mgeni wake, jambo ambalo litakusaidia jioni nzima.

Jiandae kwa utani. Wanyamwezi ni watani wa makabila mengi, hasa ya njia ile ya misafara iliyokwenda pwani, Wazaramo wakiwa mbele. Ukisema unatoka Dar es Salaam na ni Mzaramo, utaambiwa mizigo ya babu yake hujailipia mpaka leo. Jibu kwa utani, usijitetee. Ukijitetea unaharibu. Na kama kabila lako halimo kwenye utani huo, usijiingize. Cheka na wenzako tu.

Picha: omba kwanza, na ukikataliwa usiombe tena. Wapo waliokaa pale ambao wake zao au viongozi wao wa dini hawajui kama wanakunywa, na hiyo ni siri yao.

Hatua ya 5: Mazungumzo ya asali

Hapa ndipo pa kukaa. Kabla hujanunua, muulize mama maswali haya kwa heshima, kama anayetaka kujifunza, kwa sababu kweli unataka kujifunza.

"Mama, asali ya mkupuo huu imetoka wapi?" Anayetumia asali atajibu mara moja kwa jina la mahali: Sikonge, Urambo, Kaliua, kijiji fulani cha Uyui. Atakuambia na mtu aliyemletea. Anayetumia sukari atajibu "ni asali tu," au atacheka na kubadilisha habari.

"Ulitumia asali iliyochujwa au masega?" Swali hili napenda kuliuliza hata pale ninapojua jibu. Wanzuki ya zamani haikuanzia kwenye asali safi. Asali ikishakamuliwa na kuchujwa, masega hubaki yamelowa utamu. Yanaoshwa kwenye maji vuguvugu, na yale maji ndiyo yanayokuwa pombe. Nta inayobaki huyeyushwa na kuuzwa. Nta ya Tabora ilisafirishwa nchi za nje tangu wakati wa Wajerumani, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa na soko kuliko asali.

Nimemtazama mama mmoja wa njia ya Kipalapala akifanya kazi hiyo mara nyingi, na bado sijachoka. Anakaa kwenye kigoda, ndoo katikati ya miguu. Analivunja sega kwa vidole, si kwa kisu, akilifinya ndani ya maji mpaka maji yanakuwa rangi ya chai ya rangi. Vipande vya nta vinaelea juu kama maganda ya kitunguu. Mara kwa mara ananyanyua kidole na kuonja. Nilipomuuliza anajuaje kwamba inatosha, aliniambia yai. Analiweka yai bichi ndani. Likizama, utamu bado. Likielea na kutoa kipara kidogo juu ya maji, inatosha. Baadaye nilijua kwamba watengeneza pombe ya asali wa nchi za mbali hutumia yai vilevile, kwani maji yakishika sukari nyingi huwa mazito na yai hupanda.

Kama anatumia asali iliyochujwa, mchanganyiko wa kawaida ni kipimo kimoja cha asali kwa vipimo vitatu au vinne vya maji. Maji yakiwa ya moto sana yanaua chachu na kufukuza harufu ya maua. Yakiwa baridi sana, kazi haianzi. Vuguvugu la kuogesha mtoto ndilo lenyewe.

"Chachu gani?" Wapo wanaobakiza mashapo ya mkupuo uliopita na kuyatia kwenye mpya, kama mtu anayebakiza unga wa mkate. Wapo wanaoiacha ijichachue yenyewe, maana ndani ya asali mna vijidudu vya chachu vilivyolala. Asali iliyokomaa ina maji chini ya asilimia 20, kwa hiyo vijidudu hivyo haviwezi kufanya lolote, ndiyo maana asali haiozi. Ukiiongezea maji vinaamka. Hamira ya dukani si kosa la kuvunja urafiki, wengine huitumia juu ya asali ya kweli ili kuharakisha. Lakini hamira pamoja na sukari, bila asali, ni kitu kingine na kingestahili jina lake.

"Ni ya siku ya ngapi?" Jibu hili litakuamulia unywe kiasi gani, kwa hiyo lishike. Nitalirudia.

Ukiwa na bahati, mama atakupa kipande cha sega utafune huku akieleza. Kitafune, uteme nta pembeni, na uhifadhi ladha hiyo mdomoni. Ndiyo utakayoitafuta kwenye kopo.

Na kama ameanza kukuamini, muulize habari za msitu. Atakuambia kuhusu mizinga ya magome na ya magogo inayoning'inizwa juu ya miti, na jinsi mti unavyokufa ukishabanduliwa gome pande zote. Atakuambia kuhusu tumbaku, inayokaushwa kwa kuni za miombo ileile inayolisha nyuki, na warina asali wanaotembea mbali zaidi kila mwaka. Mjomba wangu alikuwa na mizinga upande wa Sikonge. Nilipokuwa mdogo aliifikia kwa miguu asubuhi akarudi jioni. Alipozeeka alihitaji baiskeli na siku mbili. Wanzuki ya asali ina thamani kwangu kwa sababu hii pia: kila kopo linalouzwa ni sababu ya mtu mmoja kuuacha mti usimame.

Hatua ya 6: Kuonja

Muuzaji mwenye adabu ya zamani huonja kwanza mwenyewe mbele yako. Ni kukuhakikishia kwamba hakuna ubaya ndani. Asipofanya hivyo usimlazimishe. Wewe agiza kidogo, nusu kopo, useme unaonja.

Anza kwa macho. Wanzuki haing'ai. Ina ukungu, rangi ya kahawia iliyopauka au ya njano nzito kulingana na asali, na vipovu vidogo vinavyopanda pembeni. Asiyezoea huona ukungu akadhani ni uchafu. Siyo. Ni chachu ambayo haijachujwa. Wapenzi wa mvinyo asilia huko Ulaya wamelazimika kujifunza jambo hilihili. Katika eneo la Beaujolais, Ufaransa, mtengeneza mvinyo Jules Chauvet alitetea mvinyo unaochachuka kwa chachu ya zabibu zenyewe bila kutiwa salfa, na kuanzia miaka ya 1980 wakulima kama Marcel Lapierre wakamfuata. Leo Paris ina baa ndogondogo zinazouza mvinyo wa namna hiyo, wenye ukungu, na watu wanaulizana ulitoka shamba gani. Nchini Georgia wanachachusha zabibu kwenye mitungi ya udongo iliyozikwa ardhini, qvevri, na UNESCO iliiweka njia hiyo kwenye orodha yake mwaka 2013. Mtu aliyekaa kwenye baa hizo angejua la kufanya kilabuni Tabora: angeuliza asali.

Kisha pua. Lete kopo karibu, usivute kwa nguvu. Wanzuki ya kweli inanukia vitu vitatu: nta, maua yaliyokauka, na moshi. Moshi huo hutoka kwa mrina asali aliyepanda mtini na mwenge usiku. Wengine wanauita kasoro. Mimi nauona kama sahihi ya aliyeirina. Ikinukia mkate mbichi peke yake, ni hamira na sukari. Ikinukia gundi au rangi ya kucha, imeharibika, acha.

Kinywa ni cha mwisho. Kunywa kidogo, izungushe, umeze, halafu subiri. Subira hiyo ndiyo kipimo. Ya sukari ni tamu mbele, kisha inakatika ghafla na kubakiza ukali mtupu kooni. Ya asali huanza na uchachu, utamu unakuja baadaye, na ukishameza ladha ya sega inarudi yenyewe, ile uliyoihifadhi. Wakati mwingine kipande kidogo cha nta kitakukwama kwenye meno. Hicho ni cheti.

Uchachu kidogo ni sawa. Uchachu unaokunja uso, kama siki, maana yake hewa imeingia na pombe inageuka. Haitakuua, lakini hupaswi kuilipia kama wanzuki. Mwambie mama kwa sauti ya chini. Wa kweli atabadilisha.

Hatua ya 7: Kiasi

Hapa naomba usikilize vizuri, maana utamu wa wanzuki umewaangusha watu wazima. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, na sehemu kubwa, zaidi ya kilo moja, ni sukari. Ukiichanganya na lita nne za maji, sukari iliyomo ikichachuka yote inaweza kufikia kilevi cha asilimia 12 au 13, sawa na mvinyo. Bia ya kawaida ina kama asilimia 5. Siku ya tatu wanzuki bado haijafika huko, ni tamu na nyepesi. Kadiri siku zinavyosogea utamu unapungua na nguvu inapanda. Oktoba kuna joto, mambo huenda haraka. Julai usiku ni baridi na chachu inajikokota.

Kwa hiyo ukijibiwa "ya juzi," kopo la nusu lita si kitu cha kutisha. Ukijibiwa "ya wiki," nusu lita hiyo ihesabu kama bia mbili, pengine zaidi. Mimi sivuki nusu lita mbili kwa jioni, na katikati nakunywa maji ya ujazo uleule. Usichanganye na bia, usichanganye na konyagi.

Ukitaka kumnunulia mtu, anza na mzee aliyekujibu salamu kwanza. Usinunulie kilabu kizima. Mgeni anayezungusha jagi kwa wote huacha watu wakiwa na deni wasiloweza kulilipa, na wapo ambao mke anasubiri pesa ya unga nyumbani. Na ukinunuliwa, pokea kwa mikono miwili hata kama umetosheka. Onja, kisha mpe jirani.

Lipa kabla giza halijaingia. Mwite dereva uliyekuja naye, umwangalie machoni na usikie pumzi yake kabla hujapanda.

Hatua ya 8: Kubeba nyumbani

Mwaka mmoja nilipanda basi la Nzega na dumu la lita tano kati ya miguu, kifuniko nimekikaza kwa nguvu zangu zote ili lisimwagike. Wanzuki hiyo ilikuwa ya siku ya tatu, chachu ikiwa kazini. Hewa inayotolewa na chachu haikuwa na pa kutokea, na joto la basi likaongeza kasi. Tulipofika Nzega dumu lilikuwa limevimba mviringo kama mpira. Nilipogusa kifuniko kiliruka, na mama aliyekaa mbele yangu na mtoto wake wakalowa. Nililipa kitenge chake na bado naona haya nikimkumbuka yule mtoto alivyoshtuka.

Basi fanya hivi. Jaza dumu robo tatu tu. Kifuniko kifunge, halafu kilegeze nusu mzunguko. Lisimamishe wima ndani ya ndoo, funika kwa kitambaa. Kila saa moja fungua kidogo hewa itoke. Chupa ya kioo usitumie kamwe kwa wanzuki changa, ikipasuka ni vipande machoni. Kwenye treni ya Kigoma au Mwanza, ambako utalala njiani, ni afadhali uombe ile iliyokwisha kutulia, ya siku ya nane au tisa, ambayo haitoi mapovu tena.

Nyumbani iweke mahali pa baridi na uionje kila siku kijiko kimoja, usikie inavyobadilika. Wiki ya kwanza ni ya kunywa. Itakayobaki baada ya hapo usiimwage. Ihamishie kwenye chombo chenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite na inzi wasiingie, uiache jikoni mwezi mmoja hadi miwili. Juu patatanda utando laini. Chini yake ni siki ya asali, rangi ya kaharabu, na kijiko chake kimoja kinatosha kwa kachumbari ya watu wanne.